Bastola ya Marehemu Nassor

Mudiri wetu, mkuu wa klabu hii, aliniomba niandike maneno machache ya kuwaachia nyinyi mnaobaki karakanani. Nikamwambia machache siyawezi, umri wangu huu ni wa maneno mengi. Akacheka, akasema basi andika utakavyo, ila habari za mshahara usiziguse. Hilo wala sikuwa na nia nalo. Na sitawachosha kwa habari za vyeo, kwa sababu kila nilipopandishwa kazi ilibaki ile ile, nikaongezewa funguo tu mfukoni.

Nilizaliwa Jeddah. Wazee wangu walitoka Unguja baada ya Mapinduzi, wakafikia kwa jamaa, na hawakurudi tena. Nyumbani Kiswahili, skuli Kiarabu, na barabarani lugha yoyote itakayokuvusha. Nilipomaliza skuli jirani mmoja akanipeleka kwenye klabu ya shabaha nje ya mji, akasema wanataka kijana wa karakana. Usiku ule sikulala kwa furaha. Nilijiona tayari nimeshika bunduki, miwani nyeusi usoni.

Asubuhi nikapewa ufagio. Fundi mkuu alikuwa Msudani, Amm Idris, mtu mrefu mkavu, aliyewahi kuwa fundi wa silaha jeshini kwao. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka kofia, akanipa ufagio na ndoo, akaniambia nizoe maganda ya risasi yaliyotapakaa nyuma ya wapigaji. Niliona ni dharau. Jioni akaimwaga ile ndoo juu ya meza na kuanza kunichagulia. Hili limevimba, bunduki iliyolitoa inaumwa. Hili limekwaruzwa ubavuni, mdomo wa magazini, kile kisanduku cha risasi, una ukali. Hili ni zima, mwenyewe ndiye hajui kupiga. "Bunduki haisemi," aliniambia, "lakini inatema. Soma inachotema." Nilifagia mwaka mzima, na mpaka leo nikipita nyuma ya mstari wa kupigia macho yangu yako chini. Wageni hudhani nimeangusha kitu.

Jeddah adui ni kutu. Hewa yake ina chumvi na unyevunyevu, na bastola ukiilaza mchana bila mafuta, kesho yake imeota wekundu. Nilipohamia klabu hii ya Riyadh nikaja na mazoea yangu ya kupaka mafuta mengi, nikaaibika wiki ya kwanza tu. Huku adui ni vumbi, na mafuta mengi yakikutana na vumbi ni uji mtupu. Mnaonifuata, pakeni kidogo kisha mfute. Msiniulize kwa nini, nimekwisha kuulizwa sana.

Vifaa nilivyoringia havikuwa vya kuringia. Mswaki wa meno. Kipande cha fulana ya zamani. Mfuko mkubwa wa plastiki wa kuonea ndani, ambao unaingiza mikono na bastola humo ukiwa unafungua, ili springi ikiruka isikupotelee. Na nyundo ya mpira ya Amm Idris, yenye mpini uliofungwa utepe mweusi juu ya utepe mweusi, ambayo alinipa alipokuwa anarejea kwao. Alinipa nyundo, akanikumbatia, akageuka akaenda zake. Sikumwona tena, Mungu amrehemu.

Lakini kikubwa alichonipa ni kanuni moja, na kwa ajili yake ndiyo naandika. Ukiigusa bunduki ya mtu, ukafungua ndani yake ukabadilisha kitu, basi wewe ndiye unayeipiga mwanzo. Mbele ya mwenyewe. Hutoki ukampa ukamwambia iko tayari. Mara ya kwanza nilipewa bastola ya mfanyabiashara mmoja aliyetaka kifyatulio chake kilainike. Nikailainisha, nikajipongeza. Amm Idris akaja, akauliza, "Umeigusa?" Nikasema nimeigusa. "Yalla, mbele." Nilipofika mstarini pale pale nikaanza kukumbuka kila skrubu, hii niliikaza au sikuikaza. Ilipiga sawasawa. Amm Idris akaniuliza uliogopa? Nikasema niliogopa. Akasema vizuri, basi kesho fanya kazi kwa hofu hiyo hiyo, halas. Tangu siku ile sijagusa kitu cha mtu kwa haraka.

Miaka ya Jeddah ilikuwa ya silaha zilizochakaa. Riyadh, hasa hii miaka ya karibuni, ikanijia na ugonjwa mwingine, silaha mpya zilizofanyiwa mapambo. Wapigaji wamekuwa wengi, wanawake kwa wanaume, na kila mmoja ameona kwenye simu yake mtu anabadilisha kifyatulio kwa dakika chache huku muziki unalia. Wananunua bastola ya bei ya chini, kisha wanaivisha vipuri vya watu wengine, kifyatulio cha huku, springi ya kule, jicho la kulengea linalowaka. Mmoja alinionyesha yake, nikamuuliza, hebu niambie, kilichobaki cha kiwandani ni kipi? Akafikiri kidogo, akasema, "Sanduku."

Msiidharau bastola ya bei nafuu. Naisema hii kwa sababu najua mnavyocheka mkiiona kaunta. Aliyeitengeneza alijua anamtengenezea mtu wa kawaida, kwa hiyo akaifanya nzito na ngumu makusudi. Kifyatulio chake kinachosha kidole, basi. Kuchoka kidole hakujaua mtu.

Sasa nafika kwa Nassor. Marehemu Nassor alikuwa Mzanzibari mwenzangu, mwenye duka la mapazia mtaa wa Sulimaniyah. Tulijuana siku yake ya kwanza klabuni, alipopiga magazini nzima na karatasi ikabaki safi, akasema kwa sauti, "Lo, salale!" Mimi niko nyuma na ufagio wangu, nikageuka kama nimeitwa jina. Tukacheka mpaka msimamizi wa mstari akatukaripia. Tangu hapo akija lazima apite karakanani tunywe kahawa, tuzungumze Kiswahili mpaka kiishe.

Alikuwa mtu mwema, mcheshi, na alikuwa na maradhi ya kutoiona skrubu bila kuigeuza. Aliinunua ile bastola ya bei ya chini, akaiweka hapa hapa klabuni kama wanachama wengi wanavyofanya, na haukupita muda akaanza kuivisha. Kila baada ya alasiri alikuwa kwenye benchi la wanachama, miwani puani, tupa mkononi, kanipa mgongo nisione. Nikipita karibu ananifukuza. "Usiniharibie, Mbarouk. Hii nataka iwe kazi yangu mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho."

Siku moja akaja kaunta uso unamng'ara. "Nimemaliza! Alhamisi namleta Zeyana. Mke wangu ndiye apige mwanzo."

Nikamwambia, "Kanuni unaijua. Uliyeigusa ndiye mwanzo. Na kabla ya hapo naipima mimi."

"Basi ipime mbele yake. Nataka akusikie wewe fundi ukisema iko sawa." Akaiweka bastola mkobani mwake, akanikabidhi, nikaufungia kwenye kasha la chuma. Alivyoondoka alikuwa anapiga mluzi.

Alhamisi hakuja. Moyo ulimsimama akiwa dukani anakunja pazia la mteja. Tulimzika kesho yake, na mimi niliteremka kaburini na mwanawe. Nilimpenda yule mtu, na sioni haya kuisema hapa, kwa sababu wanaume tunachelewa kuambiana.

Kibali cha silaha kilikuwa cha marehemu, na mwanawe hakuitaka. Kwa hiyo mudiri akasema ipelekwe kwa wenyewe serikalini, tusikae na silaha isiyokuwa na mtu. Nikamwomba isubiri. Bi Zeyana alikuwa eda, hatoki, na alikwisha kumtuma mwanawe aniulize kama ataruhusiwa kuipiga mara moja kabla haijaondoka. Mudiri naye alikuwa amemzika baba yake si zamani. Akasema, "Akitoka eda aje. Baada ya hapo inakwenda." Miezi yote ile bastola ilikaa kwenye kasha, na mimi sikuufungua mkoba. Nassor alisema nipime mbele ya mkewe, na nilitaka neno lake litimie lilivyo.

Alikuja asubuhi, akitokea Malqa anakokaa na mwanawe. Mwanamke mfupi, mweupe wa sura, mwendo wa haraka. Nyuma yake alikuwepo Moraa, msichana wa Kikenya anayefanya kazi nyumbani kwao, kabeba pochi mbili, ya madam na ya kwake. Nikawapa pole, nikawakaribisha karakanani, nikamimina kahawa.

"Sikuja kunywa kahawa, Bwana Mbarouk," alisema, lakini akaipokea. "Nguo zake nimezitoa sadaka. Duka limefungwa. Vitabu vimekwenda msikitini. Kilichobaki chenye mkono wake ni hiki tu. Naomba nikipige kama alivyokiacha, kisha mkichukue."

Nikamweleza ninachotaka kufanya. Nikaitoa bastola mkobani, nikahakikisha haina risasi, nikamwonyesha na yeye kwa macho yake kuwa ndani mtupu. Nikaielekeza kwenye sanduku la mchanga, nikaitega. Nikachukua nyundo ya Amm Idris, nikaigonga nyuma, pigo la wastani, kama vile imeanguka sakafuni.

Ikalia, tak.

Vijana, nyinyi mnajua sauti ile maana yake nini. Bi Zeyana akauliza, "Ndiyo nzuri hivyo?"

"Hapana," nikasema. "Pini ya kupigia imeruka. Ingekuwa na risasi ingefyatuka."

"Mbona hukukivuta hicho kidude?"

"Sijakivuta."

Akaweka kikombe chini. "Tena."

Nikaitega, nikaigonga. Tak. Akaninyooshea mkono, nikampa nyundo. Nikaitega mara ya tatu, nikaishika mimi, akaigonga yeye. Ikalia vile vile. Akabaki ameishika ile nyundo, hajui aiweke wapi.

Nikaifungua, nikamwonyesha. Vipuri alivyonunua Nassor vilitengenezwa kwa ajili ya bastola nyingine, ya ghali, na ndani ya hii havikuingia. Alivikwangua kwa tupa mpaka vikaingia. Kile kipande kinachoizuia pini isiruke alikuwa ameumaliza kwa tupa ukingo wake wote. Na kilikuwa kimeng'arishwa vizuri, kwa uangalifu mkubwa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba alijitahidi.

Bi Zeyana akaanza kucheka, kicheko kidogo kisichokuwa na raha. "Maisha yangu yote na Nassor hajawahi kutengeneza kitu kikapona. Alitengeneza feni ikaanguka mezani, tunakula. Alitengeneza mashine ya kufulia ikatembea mpaka mlangoni."

"Hiyo mashine bado tunaifunga na kamba, madam," Moraa akasema kwa upole.

"Bado tunaifunga na kamba. Kisha akaja na hii. Kila jioni anarudi vidole vyeusi, simuachi ashike kitasa. Ananambia Zeyana, zote nimeshindwa, lakini hii nimeiweza. Wallahi nimeiweza." Akaigeukia ile bastola. "Ile Alhamisi angekuja, angenipa mie hii mkononi?"

"Nisingemwachia, Bi Zeyana. Ningeipima, kama hivi."

"Sikuulizi wewe. Namuuliza yeye."

Akazunguka karakana, akagusa vitu vyangu mezani kimoja kimoja, akarudi. Macho yalikuwa makavu na makali. "Basi sikiliza. Irudishe ilivyokuwa. Nitaipiga hivyo hivyo, mara moja. Nikidhurika nimedhurika. Sikuja hapa uje univunjie mume wangu mbele yangu."

"Haiwezekani, bibi yangu."

"Ni haki yangu!"

"Na hii ni kazi yangu. Haipigwi."

"Wewe rafiki yake au si rafiki yake?"

Swali lile lilinichoma, na limenichoma mpaka leo. Nikasema, "Rafiki yake. Ndiyo maana sitaki mkewe aje apoteze jicho kwa kitu alichokipenda."

Akanigeuzia uso. Hapo Moraa akaweka pochi zote mbili chini, akasogea. "Madam, mimi ndio nitarudi na wewe nyumbani. Sasa kitu ikitokea, bosi, kijana wako, nitamwambia nini? Ati nilisimama tu hapo nikaangalia? Please, madam. Baba hangetaka."

Bi Zeyana akakaa. Ili mikono yangu ipate la kufanya nikaanza kukusanya vitu vya Nassor, tupa yake, kitambaa chake, mkoba. Ndani ya mkoba, chini kabisa, kulikuwa na kitu kinachogongagonga. Nikakitoa. Kikopo cha bati cha zafarani, kile cha duara chenye mfuniko mwekundu.

"Ala!" Bi Zeyana akasimama. "Kikopo changu!" Akageuka kwa Moraa, na Moraa alikuwa ameshaweka mikono kiunoni.

"Si nilikuambia si mimi, madam? Si niliapa? Ulinuna wiki mbili, ukasema nimetupa zafarani ya Mashhad na takataka!"

"Nilisema," Bi Zeyana akakiri. "Nisamehe, mwanangu. Mwizi kumbe nimelala naye." Na safari hii alipocheka, machozi yalitoka pamoja, akayaacha yatoke. Moraa akampa kitambaa alichokuwa nacho mfukoni, akambembeleza mgongoni.

Nikakifungua. Zafarani ilikuwa imekwisha, imebaki harufu. Ndani, katika pamba, vilikuwemo vipuri vya kiwandani vyote, kifyatulio, springi, kile kipande cha kuzuia pini, kila kimoja kimefutwa na kupakwa mafuta. Hakikosekani hata kimoja. Nassor hakuvigusa kwa tupa. Nikamwambia Bi Zeyana kwamba na hivi navyo vina mkono wake. Nikamwambia nikivirudisha, bastola itakuwa salama, na nitaipiga mimi kwanza, kisha yeye.

"Kwa nini wewe kwanza?"

Nikamsimulia kanuni ya Amm Idris. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na aliyeigusa akiwa ameshakufa, kanuni inasemaje?"

Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza. "Haisemi kitu," nikamjibu. "Inabaki haipigwi, mpaka mwingine aiguse akubali kuibeba."

Akavua pete zake mbili, akazitia ndani ya kikopo ili zisipotee, akakunja mikono ya baibui. "Basi nitaigusa mie. Nambie nianzie wapi."

Nilisita. Halafu nikakumbuka mimi mwenyewe nilivyoanza, na kwamba anayefundishwa anafundishwa kwa mikono. Nikampa miwani, nikauleta mfuko wa plastiki, nikamwambia aingize mikono humo. Bi Zeyana ni mshonaji wa kofia, zile za viua vilivyodariziwa kwa sindano, ambazo zinapofua macho kabla hazijamaliza kushonwa. Vidole vyake havikutetemeka. Nilimwelekeza kwa maneno tu, kushoto kidogo, bonyeza, usilazimishe, ikikataa itoe uanze upya. Mara mbili springi ilimponyoka ikagonga plastiki, na mara mbili akaisaka kimya akairudisha. Moraa alisimama kashika tochi ya simu. Hakuna aliyezungumza zaidi ya mimi. Kila kipuri cha Nassor kilichotoka alikitazama kidogo, akakiweka kwenye pamba.

Alipomaliza niliikagua kipande kwa kipande. Nikaitega juu ya sanduku la mchanga, nikampa nyundo. Akafumba macho, akaigonga.

Kimya.

Akaigonga tena, kwa nguvu zaidi. Kimya. Nikakivuta kifyatulio, pini ikaruka pale ilipotakiwa kuruka. Bi Zeyana akapumua, akasema "Alhamdulillahi" polepole sana.

Mstarini tulikuwa sisi watatu tu. Nikampa vizibo vya masikio, nikamwonyesha jinsi ya kusimama, nikatia risasi moja katika magazini, nikasimama begani kwake kama ninavyosimama na kila mgeni. Nilimwona anasoma kitu midomoni. Kifyatulio cha kiwandani ni kizito, na alikivuta taratibu, kikakataa, akaongeza, mkono mzima ukawa unafanya kazi, nikadhani ataacha. Ikapiga. Akarudi hatua nyuma, nikamshika.

Risasi ilipata pembe ya juu ya karatasi, mbali kabisa na duara. Akaitazama, akasema, "Lo, salale."

Nikageuka upande wa pili, maana hapo mimi ndiye niliyeshindwa.

Hakutaka ya pili. Aliirudisha bastola juu ya kaunta, mdomo mbele kama nilivyomwonyesha, akaniomba nizoe ganda la risasi ile nimpe. Tuliporudi karakanani akavaa pete zake. Nikamwambia, "Bi Zeyana, habari hii itaishia hapa. Maiti wetu tunawataja kwa mema, na mimi na Moraa hatutaitoa." Moraa akatikisa kichwa kukubali.

"Hapana," akasema. "Wangapi huja hapa na vipuri vya kununua kwenye simu?"

"Wengi."

"Na wenye wake? Na watoto?"

"Wote wana watu wao."

Akakifunga kikopo, vile vipuri vibovu vikiwa ndani, akakisukuma kwangu mezani. "Basi hiki kikae hapa. Akija mtu na kazi yake ya mikono, mfungulie aone, mwambie aliyefanya hivi ni Nassor, mwenye duka la mapazia, na alikuwa anampenda mkewe. Usifiche jina. Nataka kila atakayesalimika kwa hiki, thawabu zimfikie yeye. Mie nimetafuta eda nzima sadaka ya kumwekea Nassor itakayoendelea, na kisima sina uwezo nacho."

Nikamuuliza, una hakika? Akasema, "Si alisema hii ameiweza?"

Wakaondoka. Mlangoni nilimsikia akimwambia Moraa kwamba wakifika nyumbani wampigie fundi wa kweli aje kuiangalia ile mashine ya kufulia, na Moraa akisema, "Aki madam, hapo umesema." Bastola ilichukuliwa wiki ile ile, na risiti yake alipewa mwanawe.

Mimi nimerudisha funguo zangu zote. Nyumbani kwangu Murabba mke wangu ananilalamikia kwamba nafagia sana. Mengine mtayajua wenyewe, wapigaji watawafundisha. Ila kikopo kipo droo ya pili kulia, pamoja na nyundo. Ukikifungua, chini ya harufu ya mafuta bado utaisikia zafarani. Akija mtu uso unang'ara, anakwambia nimemaliza, namleta mke wangu apige mwanzo, usimcheke wala usimkaripie. Mkalishe, mmiminie kahawa, mfungulie kikopo, umtajie jina. Mwombeeni Nassor nyote wawili. Kisha mpe nyundo aigonge bastola yake mwenyewe.